Tanzania: Gengeni, sokoni au duka kubwa? Mahali pa kununua mboga na samaki kwa bei nafuu Dar es Salaam

Jijini Dar es Salaam, nyanya zilizovunwa shamba moja huko Ilula, mkoani Iringa, zaweza kuuzwa kwa bei tatu tofauti katika siku moja: bei ya tenga kwenye soko la jumla, bei ya fungu kwenye genge la mtaani, na bei ya kilo ndani ya duka kubwa lenye kiyoyozi. Kwa familia ambayo sehemu kubwa ya kipato chake huishia jikoni, kuielewa tofauti hiyo ni jambo la kila siku. Hali kadhalika kwa wafanyabiashara na wanafunzi kutoka Burundi, Rwanda na mashariki ya Kongo wanaofika katika jiji hilo la bandari na kulazimika kujipikia.

Swali ni moja: ni wapi mnunuzi anapata chakula kibichi chenye ubora kwa fedha kidogo? Jibu linategemea kitu kinachonunuliwa, kiasi chake, saa ya kununua na, zaidi ya yote, kipimo kinachotumika.

Safari ya chakula hadi mjini

Sehemu kubwa ya mboga na matunda yanayoliwa Dar es Salaam hutoka mbali. Viazi mviringo hutoka Njombe na Mbeya, safari ya mamia ya kilomita. Vitunguu hutoka Mang'ola wilayani Karatu, kabichi na karoti Lushoto, machungwa Muheza, na ndizi za kupika Kilimanjaro, Kagera na Mbeya. Mchicha na matembele hulimwa humohumo mjini na pembezoni mwake, kwa sababu mboga za majani hazivumilii safari ndefu.

Malori huingia jijini usiku na kushusha mizigo katika masoko ya jumla: Ilala, Buguruni, Temeke Stereo na Mabibo, soko ambalo wengi hulihusisha na ndizi. Kabla jua halijachomoza, madalali wamekwisha kupanga bei, na wachuuzi wamekwisha kuchagua mali yao. Kuanzia hapo kila mkono unaopokea bidhaa huongeza gharama zake: mpakuzi, mwenye mkokoteni, mwenye bodaboda, na hatimaye mwenye genge. Nyongeza hiyo ndiyo anayoilipa mnunuzi wa mwisho.

Kariakoo ndilo soko linalofahamika zaidi. Jina lake limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Jengo lake kuu, lililobuniwa na msanifu Mtanzania Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975. Liliungua moto usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na wafanyabiashara wake wakalazimika kutafuta nafasi kwingineko. Mkasa huo uliwakumbusha wakazi kwamba jiji hilo halilishwi na soko moja, bali na mtandao wa masoko mengi na maelfu ya wachuuzi.

Nguvu ya genge

Genge ni meza ya mbao, aghalabu chini ya mwavuli au kipande cha turubai, karibu na mlango wa mnunuzi. Bei yake kwa kilo ni kubwa kuliko ya soko la jumla, lakini lina mambo matatu ambayo soko la mbali haliwezi kuyatoa. Kwanza, huuza kidogokidogo: nyanya tatu, kitunguu kimoja, kipande cha tangawizi. Pili, hufunguliwa hadi usiku. Tatu, mwenye genge humjua jirani yake na aweza kumwandika deni hadi mwisho wa wiki.

Kwa nyumba isiyo na jokofu, kununua kidogo kila siku ni njia ya kuepuka hasara. Nyanya zilizooza nyumbani ni ghali kuliko nyanya zilizonunuliwa gengeni.

Kwa nini duka kubwa halikulishinda soko

Mwanzoni mwa karne hii ilidhaniwa kwamba maduka makubwa ya kigeni yangechukua nafasi ya masoko. Haikuwa hivyo. Shoprite ya Afrika Kusini iliyauza maduka yake ya Tanzania kwa Nakumatt ya Kenya mwaka 2014. Uchumi, nayo ya Kenya, ilifunga maduka yake nchini humo mwaka 2015. Baadaye Nakumatt yenyewe iliporomoka kwa madeni.

Mtafiti Marc Wegerif, aliyechunguza namna jiji la Dar es Salaam linavyolishwa, alionesha kwamba sehemu kubwa ya chakula hupita mikononi mwa wafanyabiashara wadogo wanaotegemeana. Katika uchunguzi wake kuhusu mayai, maduka madogo ya mitaani yaliyopelekewa bidhaa kwa baiskeli yaliuza kwa bei ya chini kuliko maduka makubwa. Sababu yaeleweka: mwenye duka dogo halipi kodi kubwa ya jengo, umeme wa viyoyozi wala mishahara ya mameneja.

Hata hivyo duka kubwa lina mahali pake. Bei imeandikwa, risiti inatolewa, na bidhaa zinazohitaji ubaridi, kama maziwa, siagi na nyama iliyogandishwa, huhifadhiwa vizuri zaidi. Kwa mgeni asiyezoea kupatana bei, duka hilo humpa pia kipimo cha kulinganishia: akiisoma bei ya kilo dukani, ataingia sokoni akijua asivuke kiwango gani.

Kipimo kabla ya bei

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Masokoni bidhaa nyingi haziuzwi kwa kilo bali kwa fungu, sado, debe, tenga au gunia. Sado ni ndoo ndogo ya rangi yenye ujazo wa takriban lita nne. Ikiwa kitako chake kimebonyezwa kuelekea ndani, mnunuzi hulipia sado nzima na kuondoka na pungufu. Fungu nalo hupangwa kwa ustadi, nyanya nzuri zikiwa mbele na zilizobonyea zikiwa nyuma.

Kwa wakulima tatizo ni kinyume chake. Gunia hujazwa kupita kiasi na kushonewa kilemba juu, mtindo uitwao lumbesa, ili mchukuzi apate mzigo mkubwa kwa bei ya gunia moja. Kanuni za Tanzania zinataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo umekuwa ukipambana na lumbesa kwa miaka mingi. Hivyo mnunuzi wa mjini anayeambiwa "gunia" apaswa kuuliza ni gunia la kilo ngapi.

Kinga ni rahisi. Palipo na mizani, mnunuzi aombe kupimiwa, na kabla ya kupimiwa atazame kama mshale uko kwenye sifuri na kama mizani ina stika ya ukaguzi. Pasipo mizani, aombe kulichambua fungu mwenyewe. Muuzaji mwaminifu hakatai, na kama wasemavyo wahenga, biashara haigombi.

Samaki na mboga za majani

Samaki hupatikana kwa wingi katika Soko la Feri, Kivukoni, ambako mnada huanza asubuhi mitumbwi inapowasili. Mnadani huuzwa mafungu makubwa, kwa hiyo wanunuzi wadogo huungana watatu au wanne, wakagawana. Kadiri jua linavyopanda bei hushuka, lakini ubora nao hushuka. Samaki mbichi ana macho maangavu, matamvua mekundu, na nyama inayorudi mahali pake ikibonyezwa kwa kidole. Alama hizo zikikosekana, bei nafuu si nafuu tena.

Mboga za majani zina hesabu yake. Jioni wauzaji huongeza mafungu au kupunguza bei kwa kuwa mchicha haulali. Lakini inafaa kuuliza ulikolimwa. Wataalamu wametahadharisha kuhusu mboga zinazomwagiliwa maji machafu katika bonde la mto Msimbazi. Kuosha kwa maji safi na kupika vizuri hupunguza vijidudu, ila hakuondoi metali zilizokwisha kuingia ndani ya mmea.

Hesabu ya nauli

Bei ya jumla huvutia, lakini haina maana bila nauli. Chukua mfano wa mama anayeokoa shilingi 3,000 kwa kununua viazi na vitunguu katika soko la jumla badala ya gengeni. Iwapo daladala na mbebaji wa mzigo vimemgharimu shilingi 2,500, faida yake ni shilingi 500, bila kuhesabu saa tatu alizopoteza. Lakini wakiungana majirani watano, wakamtuma mmoja wao na kugawana gharama hizo, kila mmoja hubakiwa na 2,500.

Msimu pia huamua. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, nyanya hushambuliwa na magonjwa, barabara za mashambani huharibika, na bei hupanda kila mahali. Hapo mpishi mwenye busara hubadili mboga kabla ya kubadili soko.

Kwa hiyo wakazi wenye uzoefu hawachagui mahali pamoja. Huligawa kapu lao. Viazi, vitunguu na vingine visivyoharibika upesi hununuliwa soko la jumla mara moja au mbili kwa mwezi, kwa ushirika. Samaki hufuatwa Feri asubuhi, maziwa hutoka kwenye duka lenye jokofu, na nyanya na mchicha wa siku hutoka kwenye genge la jirani. Mgeni anayewasili leo aweza kuanza na hatua moja ndogo: kabla ya kuuliza bei, aulize kipimo.