Kabla chama chenu kinunue ploti Kitengela

Kama unaishi Donholm, Umoja ama Kayole, kuna siku umeshikishwa ile karatasi ya ploti. Hamsini kwa mia, stima iko karibu, hati tayari, lipa mdogo mdogo. Ploti iko Kitengela ama Isinya. Vyama vingi vya mtaa vinachanga doo kwa sababu ya hiyo karatasi. Lakini muulize broka: hii ardhi ilianza kukatwa lini, na nani alishika kisu? Atakuonyesha bikoni tu.

Swali hilo ndilo Mkenya Esther Mwangi alilifanyia utafiti. Uzamifu wake haukuwa wa miche wala udongo. Ulikuwa wa sera za umma, Chuo Kikuu cha Indiana kule Marekani, ambako Elinor Ostrom alifundisha. Ostrom ndiye mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Nobel ya uchumi, 2009, kwa kuchunguza jinsi watu wanavyotunza mali ya pamoja kama msitu na malisho.

Mwangi aliipeleka kazi yake Kajiado. Sheria ya 1968 iliwasajilisha Wamaasai ardhi kwa vikundi, kila kikundi na kamati yake. Miaka ya themanini vikundi vikaanza kugawana; ya Kitengela iligawanywa 1988. Sasa fikiria: huko ni kukavu, ng'ombe lazima afuate mvua. Ukikata nchi vipande, mvua ikinyesha kwa jirani wewe umeisha. Mbona wakakubali?

Hapa ndipo utafiti wake unanoga. Alikuta watu wakiogopana. Wenye mifugo wachache waliona matajiri wakimaliza nyasi za wote. Vijana walizidi kuongezwa kwenye sajili, na kila jina jipya lilipunguza fungu la wazee. Bora nipate changu mapema, kila mtu akasema. Siku ya kugawa, kamati na marafiki zao wakajipimia vipande vikubwa na vizuri. Wajane na vijana wengi wakaachwa kwa mataa. Baadaye wengi wakauza, uzio ukapanda, na wanyama wanaotoka Mbuga ya Nairobi kuelekea kusini wakabanwa.

Sisemi usinunue, bana. Kodi ya Eastlands sote twaijua.

Baadaye Mwangi aliingia CIFOR, kituo cha kimataifa cha utafiti wa misitu. Mwaka 2011 yeye na wenzake walichapisha utafiti wa vikundi vya watumiaji wa misitu Kenya, Uganda, Bolivia na Mexico. Wengi wetu tungedhani kikundi chenye wanawake wengi ndicho kitalinda msitu zaidi. Walichopata ni kwamba vikundi hivyo vilikuwa dhaifu katika kuzuia watu wa nje na kuadhibu wavunja sheria. Vilivyochanganya wanaume na wanawake vilifanya vizuri zaidi. Sio eti akina mama hawajui miti. Sababu walizotaja ni kama uchache wa muda, kunyimwa teknolojia, na kukosa nguvu ya kumwadhibu mtu akasikia.

Haya yanatuhusu hata bila ploti. Novemba 13, 2023 tulipewa sikukuu ya kupanda miti, manake serikali inataka bilioni 15 ifikapo 2032. Na kupanda sio kitu kigeni kwetu: Wangari Maathai alianzia hapa hapa Kamukunji, miti 7, Juni 5, 1977. Vikundi vya vijana mtaani vina miche, vina majembe, vina picha safi za Instagram.

Sasa uliza cha kwenu: ule uwanja mliopanda umeandikishwa kwa jina la nani? Na usiku lori likija na mabati ya kuuzungushia, nani kwenye kikundi ana mamlaka ya kusema hapana na akasikizwa?