Paka akikuamsha alfajiri, usimfukuze: mbadilishie saa ya kula

Mweso, wilayani Masisi, Kivu Kaskazini, ni eneo la wakulima wa maharagi na mahindi. Mavuno yakiwekwa nyumbani, panya nao hufuata, na paka ndiye mlinzi wa magunia. Tatizo ni kwamba mlinzi huyo huyo hulia mlangoni na kupanda kitandani kabla jogoo hajawika.

Si ukaidi. Kwa maumbile yake, paka huchangamka zaidi wakati wa machweo na alfajiri. Lakini ukiamka kumpa chakula ili anyamaze, unamfundisha kwamba kulia ndiko kunakoleta chakula. Kesho atarudia.

Dawa ni subira. Jioni mchezeshe mpaka achoke, kisha mpe chakula chake cha mwisho unapokwenda kulala. Akilia usiku, usimjibu. Siku za kwanza anaweza kuzidisha kelele. Ukikubali mara moja tu, umeanza upya. Ila paka mzee aliyeanza kulia ghafla huenda ni mgonjwa.

Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi. Ukimfukuza paka utazipata, lakini panya watakula mbegu za msimu ujao.