MZANI NAO UPIMWE

Juma hili najibu barua ya msikilizaji wetu mmoja wa Rulenge, wilayani Ngara. Anasema amesikia kwamba wataalamu wa siku hizi wanaweza kuchukua jani la mbuni wakajua kama mti umeanza kupambana na ukame, hata kabla majani hayajanyauka. Anauliza: je, ni kweli? Na kama ni kweli, mkulima aamini vipi jambo asiloliona kwa macho?

Ni kweli. Lakini swali lake la pili ndilo zito, na kabla ya kulijibu naomba niwapeleke Nyakahura, wilayani Biharamulo, kwenye mzani.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuta ugomvi pale. Mnunuzi mmoja alikuwa anapima kahawa ya maganda, na wakulima walilalamika kwamba magunia yao yamepungua uzito njiani. Maneno yakawa mengi. Mzee mmoja hakusema kitu. Alikwenda dukani, akarudi na mfuko wa saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa, akauweka juu ya mzani. Ukasoma 44. Basi kila aliyekuwepo aliweza kupiga hesabu: gunia lililosomeka kilo 55, kwa kweli lilikuwa na kilo 62 na nusu. Mnunuzi naye hakuwa mjinga. Akauliza, nani kasema mfuko huo una kilo 50 kamili? Huenda umetoboka. Ikabidi iletwe mifuko mingine miwili, tena kutoka duka jingine, maana mwenye duka la kwanza alikuwa shemeji yake mzee. Yote ikasoma 44.

Sasa turudi kwenye mbuni. Kila seli ya mti, iwe ya mzizi, ya jani au ya gome, ina jeni zile zile. Robusta, kahawa yetu ya Kagera, ilisomwa jeni zake mwaka 2014, zikahesabiwa zaidi ya 25,000. Kinacholitofautisha jani na mzizi ni jeni zipi zinafanya kazi, na kwa nguvu kiasi gani. Jeni inapofanya kazi, seli hutoa nakala zake ziitwazo RNA, kama karani anayetoa nakala za barua huku faili lenyewe likibaki kabatini. Ukame ukiingia, nakala za jeni fulani huongezeka. Mtaalamu akizihesabu, anajua mti umeanza kujihami.

Kuzihesabu hutumika mashine ya PCR, jina tulilolizoea wakati wa korona mwaka 2020. Nakala hugeuzwa kwanza kuwa DNA, kisha mashine huzizidisha mara mbili kila mzunguko, na mtaalamu hutazama ni mzunguko wa ngapi zinafika alama iliyowekwa. Sampuli inayofika mizunguko 3 mapema ilianza na nakala mara 8 zaidi. Kosa la mzunguko mmoja tu ni kosa la mara mbili.

Na makosa hayakosekani. Hakuna vipande viwili vya jani vinavyotoa RNA kiasi kimoja. Miti ndiyo migumu zaidi, kwa sababu gome na majani yaliyokomaa yamejaa tanini, zile zinazoufanya ulimi ukakamae ukitafuna gome, na vitu hivyo huinasa RNA na kuiharibu. Sampuli inaweza kuonyesha nusu ya nakala si kwa sababu mti umelala, bali kwa sababu nusu ilipotea kwenye kinu.

Hapo ndipo unapohitajika mfuko wa saruji. Mtaalamu huchagua jeni nyingine, jeni ya rejea, ambayo nakala zake hazipaswi kubadilika mti ukiwa na maji au ukiwa na kiu, na anailinganisha na ile anayoichunguza. Kwa miaka mingi watafiti wengi walichukua tu jeni za kazi za kila siku za seli, kama aktini, tubulini au ile iitwayo GAPDH, wakaamini hazitikisiki. Lakini aktini na tubulini ni za kiunzi cha seli, na chipukizi linalokua haliwezi kuwa na mahitaji sawa na jani kuukuu. GAPDH inahusika na kuvunja sukari, na mti wenye kiu hubadili matumizi yake ya sukari. Ukitumia jeni iliyoshuka kwa nusu kama rejea, jeni ambayo haikufanya lolote itaonekana imepanda mara mbili.

Mwaka 2002 Jo Vandesompele na wenzake wa Ghent, Ubelgiji, walionyesha njia ya kuupima mzani. Chukua jeni kadhaa zinazogombea nafasi hiyo, zipime zote katika sampuli zako zote, kisha linganisha kila moja na kila nyingine. Ambayo uwiano wake na wenzake unayumba, itoe. Rudia. Mwishoni usibaki na moja. Walishauri tatu kwa uchache. Lakini jihadhari na mashemeji: jeni mbili zinazoamriwa na kitu kimoja hupanda na kushuka pamoja, na hesabu itazipa sifa ya utulivu zisiyostahili. Ndiyo maana wagombea huchaguliwa kutoka kazi tofauti za seli.

Mwaka 2004 watafiti wa Oregon, Marekani, walizijaribu jeni 10 katika mti wa mpopla, wakakuta hazilingani kwa utulivu. Mwaka 2009 watafiti wa Brazil walizijaribu katika kahawa ya arabika. GAPDH, ambayo kwingine hutiliwa shaka, ikafanya vizuri, ila orodha ya zinazofaa ilibadilika kulingana na sehemu ya mti na hali iliyowekewa. Kwa hiyo rejea iliyothibitishwa katika jani la arabika haiwi halali kwa mzizi wa robusta mpaka ijaribiwe, na ya mkaratusi ndiyo kabisa.

Sisi wa Ngara tuliona vilima vikivuliwa miti kwa kuni za makambi ya wakimbizi kuanzia 1994, na tunajua kupanda upya kunakula miaka mingapi. Mche wa kahawa nao hukaa kama miaka mitatu kabla ya kukupa mavuno ya maana. Kwa hiyo, msikilizaji wetu wa Rulenge, siku ukiambiwa mche fulani una jeni ya kuvumilia ukame, uliza: jeni za rejea zilikuwa zipi, ngapi, na zilijaribiwa kwenye mti gani na sehemu gani ya mti? Mtaalamu wa kweli hatakasirika.

Yule mnunuzi wa Nyakahura alirudi juma lililofuata na mzani mwingine. Mifuko mitatu ya saruji ilikuwa imepangwa pembeni, inamngoja.