Kumi Kasoro Moja

Jioni moja ya masika, mvua ikiwa imetufungia ndani mapema kama ilivyo desturi yake hapa Uthiru, mjukuu wa jirani yangu, ambaye huja kwangu kufanya kazi zake za shule kwa sababu kwao kuna televisheni na kwangu hakuna, aliinua uso kutoka kwenye daftari akaikazia macho saa yangu ya ukutani kwa muda mrefu kuliko mtu atakaye kujua wakati, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa: "Babu, saa yako imeandika nne kama mimi, na mimi mwalimu amenipigia eksi."

Nikainuka nikaisogelea. Saa ile nimeitazama kila siku tangu niinunue, wala sikuwahi kuisoma. Juu kabisa ina XII, chini VI, na pale panapostahili nne pana vijiti vinne vilivyosimama wima bega kwa bega, IIII, ilhali daftari la mwanafunzi wa gredi ya tano linatakiwa kuandika IV. Mtoto amesema kweli, na mwalimu naye hakukosea. Mafundi wa saa wana ada yao, ya karne nyingi sasa, ya kuandika IIII. Husemwa kwamba wanataka vijiti vile vilingane uzito na VIII iliyo upande wa pili, ingawa sababu zinazotajwa ni nyingi na wataalamu hawajapatana juu ya hata moja. Saa kubwa ya mnara wa London, ijulikanayo kama Big Ben, imeivunja ada hiyo ikaandika IV. Warumi wenyewe waliandika yote mawili, na hata leo, katika uwanja wao mkuu wa michezo uitwao Colosseum, mlango wa arubaini na nne umechongwa XLIIII, yaani arubaini kwa kanuni ya mwalimu na nne kwa kanuni ya fundi wa saa, katika jiwe lile lile. Nilimwambia hayo yote, kisha nikamshauri kwamba siku ya mtihani aandike IV, kwa kuwa hoja ya Colosseum haiongezi alama.

Lakini kwa mtoto wa Kiswahili saa ile ina mtihani mwingine ambao mtoto wa Roma hakuujua. Akrabu fupi ikigota kwenye I, sisi hatusemi saa moja. Twasema saa saba. Ikifika VI ni saa kumi na mbili, na ikipanda hadi XII ni saa sita. Kwa hiyo mtoto wetu hutafsiri mara mbili, kwanza kutoka herufi hadi hesabu, kisha kutoka hesabu ya saa hadi hesabu ya jua, na huyafanya haya akiwa anakimbilia shule asubuhi, wala hakuna ampaye sifa.

Na saa hiyo hiyo ndiyo iliyonipa njia ya kumfundisha. Namba za Kirumi zina herufi saba tu: I ni moja, V tano, X kumi, L hamsini, C mia, D mia tano, M elfu. Vitabu vingi humpa mwanafunzi kanuni tano au sita za kukariri, naye huzisahau kabla wino haujakauka. Mimi naona kwamba mwenye kusema Kiswahili hahitaji kanuni ila maneno mawili ambayo tayari anayatumia kutaja saa, nayo ni "na" pamoja na "kasoro". Tunaposema saa tatu na robo tumeongeza. Tunaposema saa tatu kasorobo tumepunguza. Basi herufi ndogo ikifuata kubwa, tia "na" katikati. Ikitangulia kubwa, soma "kasoro". XI ni kumi na moja, neno kwa neno, kama kwamba Mrumi alikuwa akiandika Kiswahili. XIII ni kumi na tatu. IX ni kumi kasoro moja. XL ni hamsini kasoro kumi. Mzungumzaji wa Kiingereza ana majina ya kipekee kwa kumi na moja na kumi na mbili, ambayo hayamwonyeshi ile kumi iliyomo ndani. Sisi twaisikia kila tunapohesabu.

Tukamwaga njiti za kiberiti mezani, maana X na V na I zote hupatikana kwa njiti zilizonyooka, nikamwambia aniandikie jina la kituo cha matatu kilicho jirani yetu, kile ambacho hakina jina ila namba, 87. Alianza na L, kwa njiti mbili, ya hamsini. Akapanga X tatu za thelathini, ikawa themanini. Akaweka V, akamalizia na I mbili. LXXXVII. Njiti kumi na mbili zikatanda mezani kwa jina ambalo makanga hulitamka kwa pumzi moja akiwa ananing'inia mlangoni. Akaomba na namba ya matatu ya kwenda Kikuyu, 105, ikatoka fupi kabisa, CV, herufi mbili ambazo vijana wa mtaa huu wanazijua kwa maana nyingine, kwa kuwa wamezibeba ndani ya bahasha kutoka ofisi hadi ofisi.

Akishapata utamu wa kasoro, mtoto hutaka kuitia kila mahali, na hapo ndipo penye mtego. Nilipomtajia 49 aliandika IL, yaani hamsini kasoro moja, na kwa akili ya kawaida hana kosa. Ila kasoro ya Kirumi ina adabu yake: I hupunguzwa kutoka V na X tu, X kutoka L na C tu, na C kutoka D na M tu; V, L na D hazipunguzwi kutoka kwa yeyote, wala hazirudiwi. Arubaini na tisa basi huandikwa kwa mafungu, makumi kwanza, XL, kisha mamoja, IX, ikawa XLIX. Tisini na tisa si IC bali ni XCIX. Mwaka wa uhuru wetu, 1963, nao huvunjwa vivyo hivyo: M ni elfu, CM ni elfu kasoro mia, LX ni sitini, III ni tatu, yaani MCMLXIII. Mwenye kuandika fungu moja moja, kuanzia kubwa kushuka hadi dogo, hapotei.

Aliniuliza sifuri iko wapi. Haipo. Warumi hawakuwa na alama yake, na neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, kama tulivyopata sita, saba, tisa, ishirini, mia na elfu. Nao Waarabu walizipokea tarakimu zao kutoka Bara Hindi. Bila sifuri hakuna nafasi ya mamoja, makumi na mamia, na ndiyo maana Mrumi hakupiga hesabu kwa namba alizoziandika: alipiga kwa vijiwe juu ya ubao, kama mchezaji bao asogezavyo kete, kisha akaandika jibu. Anayebisha na azidishe LXXXVII kwa CV juu ya karatasi bila kuzigeuza. Hata hivyo Ulaya haikuziacha herufi zake upesi. Mwaka 1299 chama cha wabadilishaji fedha wa Florence kiliwakataza wanachama wake kuandika tarakimu mpya katika daftari zao, na hofu inayotajwa mara nyingi ni kwamba tarakimu ni rahisi kughushiwa. Nasi hadi leo, tukiandika hundi, huandika kiasi kwa maneno pia.

Watu wa Pwani hawakuhitaji Roma ili kujua kwamba herufi yaweza kuwa hesabu. Kwa hisabu ya abjadi alifu ni moja, be ni mbili, jimu tatu, daali nne, na kuendelea hadi ye ambayo ni kumi, kafu ishirini, lamu thelathini, na kafu ya kooni mia. Wenye elimu ya falaki wameitumia dahari na dahari, na ile 786 uionayo juu ya milango ya maduka Mombasa ni jumla ya herufi za Bismillahi Rahmani Rahimi. Ila abjadi haina kasoro: hujumlisha tu.

Tukirudi Nairobi, namba za Kirumi zilitufikia mifukoni kabla ya kufika darasani. Sarafu za Afrika Mashariki zilibeba jina la mfalme wa Uingereza na namba yake. Ajabu ni ndururu na senti kumi za mwaka 1936, zenye tundu katikati na pembe za ndovu, ambazo zilipigwa kwa jina la Edward VIII, mfalme aliyetawala chini ya mwaka mmoja akajiuzulu mwezi wa Desemba kabla hajavikwa taji. Kwa kuwa tundu lilikuwa limechukua mahali pa uso, palihitajika jina tu, na senti zake zikaenda sokoni ingawa yeye mwenyewe hakukaa.

Wakatoliki nao huzisoma katika majina ya mapapa. Yohane Paulo II alikuja Kenya mara tatu, 1980, 1985 na 1995. Lakini Fransisko, aliyefika Kangemi, hapo tu ng'ambo yetu, tarehe 27 Novemba 2015, hakuwa na namba, kwa kuwa hapakuwa na Fransisko kabla yake, na wa kwanza kwa kawaida haitwi wa kwanza mpaka apatikane wa pili. Aliyemfuata mwaka 2025 ni Leo XIV, kumi kisha tano kasoro moja. Haile Selassie hakungoja wa pili: alijiandika I tangu alipotawazwa mwaka 1930.

Na ni katika barabara yenye jina lake, kwa Mpigachapa Mkuu wa Serikali, ndipo itokapo karatasi ambayo kwangu ndiyo shule bora ya namba hizi. Gazeti rasmi la Kenya, ambalo kwa kawaida hutoka Ijumaa, watu hulitafuta kwa shida zao, mirathi au hati ya shamba iliyopotea, na wachache huutazama mstari wake wa juu, ambapo toleo limeandikwa kwa tarakimu za kawaida na juzuu kwa Kirumi. Gazeti lilianza mwaka 1899, na kila mwaka una juzuu yake. Basi ongeza 1898 juu ya juzuu utapata mwaka. Juzuu CXII ni ya 2010, mwaka wa katiba mpya.

Bibi yake mtoto ana nakala moja aliyoitunza ndani ya mfuko wa plastiki kwa sababu ina tangazo la mirathi ya marehemu mumewe. Mtoto aliileta siku ya pili, akaikunjua kwa uangalifu, akaweka kidole juu ya CXV. "Mia, na kumi, na tano," akasoma, kisha akajumlisha pembeni mwa daftari, 2013. "Babu, hii haina kasoro." Nikamwambia aangalie vizuri miaka inayokuja, maana kasoro itarudi 2027, juzuu itakapokuwa CXXIX.