Mtoto wetu anataka kuwa rubani: kamati ifanye nini?



Robo mwaka iliyopita kamati ya elimu ya parokia moja mjini Tunduma ilituletea barua yenye ombi tusilolizoea. Kwa kawaida tunapokea maombi ya ada ya sekondari, ualimu na uuguzi. Safari hii binti aliyemaliza kidato cha sita, mtoto wa dereva wa lori, aliomba asaidiwe kusomea urubani wa ndege za abiria. Alikuwa amekubaliwa na chuo kimoja cha nje, nacho kilitaka ada yote ilipwe mwanzoni. Wazazi walikuwa tayari kuuza shamba lao la kahawa huko Mbozi ili kutoa sehemu yao. Kamati ilituuliza: tusaidie au tusisaidie? Na kama tukisaidia, tufuate njia ipi?

Tumeona ni vema kulieleza jambo hili kwa kamati zote na kwa wafadhili wetu, kwa sababu ombi la namna hii litarudi. Uwanja wa Ndege wa Songwe, ulio upande wa Mbeya, ulifunguliwa Desemba 2012. Air Tanzania nayo ilianza kufufuliwa mwaka 2016 kwa ndege mbili aina ya Q400, kisha mwaka 2018 zikaja Boeing 787 na Airbus A220. Watoto wetu wanaziona ndege, na ni haki yao kuota kuziendesha.

Leseni ni ngazi

Hakuna leseni moja ya "rubani". Kuna ngazi, na kila ngazi hupimwa kwa saa za kuruka. Viwango vya chini vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) ni hivi:

- Leseni ya rubani binafsi: umri wa miaka 17 na saa 40 za kuruka. Mwenye leseni hii haruhusiwi kulipwa kwa kazi ya kurusha ndege.
- Leseni ya rubani wa biashara: umri wa miaka 18 na saa 200, au saa 150 kama amesoma mfululizo katika kozi iliyoidhinishwa. Hapa ndipo anaporuhusiwa kuajiriwa.
- Leseni ya juu ya rubani wa shirika la ndege: umri wa miaka 21 na saa 1,500. Hii ndiyo inayomwezesha kuwa nahodha wa ndege kubwa inayohitaji marubani wawili.

Kwa hiyo kijana hatoki chuoni akiwa nahodha. Hutoka na leseni ya biashara, akaongeza idhini ya kurusha ndege ya injini mbili na ya kuruka kwa kutegemea vyombo pale asipoona nje. Shirika likimchukua, hufundishwa aina maalumu ya ndege, kisha hukaa kiti cha msaidizi huku akikusanya saa.

Njia mbili za kusoma

Njia ya kwanza ni ya mfululizo. Mwanafunzi huingia chuo kimoja na kusoma kila kitu kwa mpango mmoja hadi leseni ya biashara. Faida yake ni kwamba humaliza mapema, saa zinazotakiwa ni chache, na mashirika mengi huipenda. Ubaya wake ni kwamba fedha yote lazima iwe inajulikana itatoka wapi kabla ya kuanza. Fedha ikikatika katikati, mwanafunzi anaweza kubaki na saa zisizotosha leseni yoyote.

Njia ya pili ni ya hatua kwa hatua. Mwanafunzi hupata kwanza leseni ya rubani binafsi, hupumzika akitafuta fedha, kisha hukusanya saa na kuendelea. Ni njia ndefu, na akikaa muda mrefu bila kuruka husahau na hulazimika kurudia. Lakini kila hatua ina cheti chake mkononi, na kamati inaweza kutoa msaada kwa awamu, baada ya kuona matokeo.

Kwa njia zote mbili gharama hufika makumi ya maelfu ya dola za Marekani. Sababu ni rahisi kuelewa: ndege ya mafunzo hulipiwa kwa saa, na saa hizo ni nyingi. Mwalimu naye hulipiwa, na petroli maalumu ya ndege ndogo ni ghali kuliko mafuta ya magari.

Asome wapi?

Zamani swali hili lilikuwa na jibu jepesi. Mwaka 1971 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha chuo cha urubani huko Soroti, Uganda, kwa ajili ya nchi zote tatu. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977 na kila nchi ikabaki na lake. Leo Watanzania husoma Uganda, Kenya (hasa uwanja wa Wilson, Nairobi), Ethiopia, Afrika Kusini na mbali zaidi. Nchini kwetu, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) cha Dar es Salaam kimekuwa kikijenga mafunzo ya urubani chini ya mradi unaofadhiliwa na Benki ya Dunia. Tunashauri kamati iulize NIT kwanza kabla ya kutazama nje.

Anayesoma nje asisahau kwamba leseni ya nchi nyingine haitumiki moja kwa moja hapa. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) ni lazima iitambue au iibadilishe.

Kabla ya kutoa shilingi

Kwanza, afya. Rubani wa biashara anahitaji cheti cha afya daraja la kwanza kutoka kwa daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya anga. Macho, masikio, moyo na akili hupimwa. Ni jambo la kusikitisha mtu kuuza shamba, kisha kugundua kwamba macho hayamruhusu mtoto wake kupata cheti. Kipimo hiki kitangulie ada.

Pili, chuo. Kamati iandike barua TCAA kuuliza kama chuo kimeidhinishwa na leseni yake itatambuliwa. Jibu la wakala lisikubaliwe badala ya jibu la mamlaka.

Tatu, malipo. Msilipe ada yote kwa mkupuo. Tayside Aviation ya Scotland, iliyokuwa imefundisha marubani kwa miaka mingi, ilifilisika mwaka 2023 na wanafunzi waliokuwa wamelipa mbele wakapata hasara. Ikitokea kwao, inaweza kutokea popote.

Nne, lugha. Kiingereza cha rubani hupimwa, na kiwango cha chini ni cha nne kati ya sita. Hesabu na fizikia nazo humsaidia sana.

Baada ya leseni

Pengo gumu ni kati ya saa 200 na ajira ya kwanza. Hapa Tanzania wengi huanzia kwenye ndege ndogo kama Cessna Caravan, zinazopeleka watalii mbugani na Zanzibar, na huko ndiko wanakokusanya saa. Kamati na wafadhili wajue kwamba msaada unaoishia siku ya leseni haujamfikisha kijana kazini.

Vile vile, anayependa ndege si lazima awe rubani. Ufundi wa ndege hufundishwa NIT, na uongozaji wa ndege hufundishwa katika chuo cha TCAA, Dar es Salaam. Kazi hizi ni za heshima na mafunzo yake hayahitaji kulipia mamia ya saa angani.

Tulivyoishauri kamati

Tuliishauri kamati ya Tunduma ilipie kitu kimoja tu kwa sasa, yaani uchunguzi wa afya na nauli ya kwenda kupimwa. Tuliwaomba wazazi wasiuze shamba. Binti amepimwa na amepata cheti. Sasa kamati inasubiri majibu ya TCAA na NIT, na imekubali kwamba ikisaidia itasaidia hatua ya leseni ya rubani binafsi kwanza, ikilipa chuoni moja kwa moja kwa awamu.

Kahawa ya familia ingali shambani, na mtoto hajakatazwa kuota. Kamati nyingine yenye ombi kama hili iwasiliane na dawati letu la elimu kabla ya kutuma malipo yoyote.