Nishani ya babu: mnadani au kwa mwenye duka?

Mfanyabiashara wa Nyanza-Lac hahitaji kufundishwa kwamba samaki mmoja ana bei mbili. Ndagala wanaposhushwa mtumbwini alfajiri, bei hupandishwa na kushushwa na wanunuzi waliosimama pale ufukweni. Mzigo ukishapanda Mugina na kuvuka kwenda Manyovu na Kasulu, bei inakuwa ya mwenye mzigo. Biashara ya nishani za vita, ambayo huko Ulaya ina wanunuzi wa kudumu, ina milango hiyo hiyo miwili: mnada na duka. Anayeingia bila kujua amesimama kwenye mlango upi huuza fedha kwa bei ya bati.

Ukanda huu si mgeni na bidhaa hiyo. Vita Kuu ya Kwanza ilipiganwa juu ya maji haya haya. Desemba 26, 1915, boti mbili ndogo za Waingereza, Mimi na Toutou, zilizoletwa kutoka Cape Town kwa reli na kuburutwa porini, ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani. Februari 9, 1916 ikazamishwa Hedwig von Wissmann. Juni mwaka huo jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo, Force Publique, likaingia Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, na Septemba 19 likaichukua Tabora. Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao kubwa, Graf von Götzen, huko Kigoma. Iliopolewa mwaka 1924, ikaitwa Liemba, na ndiyo ile iliyobeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga mwaka 2015.

Vita moja, mwambao mmoja, lakini dola tatu, na kila dola ilikuwa na nishani zake. Baada ya hapo mpaka ukachorwa: Burundi ikawekwa chini ya Wabelgiji, Tanganyika chini ya Waingereza. Ndiyo maana kisanduku cha marehemu upande huu wa Mugina kinaweza kuwa na nishani ya Kibelgiji, na cha upande wa pili kikawa na ya Mfalme George wa Tano.

Anayezipima kwa mizani ya sonara ndiye anayekosea zaidi. Nishani ya Uingereza ya vita vya 1914 hadi 1918 ni ya fedha halisi, uzito wake karibu wakia moja. Nishani ya Ushindi iliyoandamana nayo hung'aa kama dhahabu, lakini ni shaba nyeusi tu. Basi sonara huyeyusha ya kwanza na kuirudisha ya pili, akidhani amefanya hesabu nzuri. Fedha ilipopanda bei duniani miaka ya 1979 na 1980, nishani nyingi ziliishia kwenye tanuri namna hiyo. Kumbe mnunuzi wa London hanunui fedha. Ananunua ukingo. Pembeni mwa nishani hizo za Waingereza pamechongwa namba, cheo, jina na kikosi cha aliyepewa, na herufi K.A.R., yaani King's African Rifles, humtofautisha askari wa Afrika Mashariki na mamilioni ya wengine waliopewa nishani ya aina hiyo hiyo.

Za Wabelgiji kwa kawaida hazina jina. Za Waingereza za Vita Kuu ya Pili, kama Nyota ya Afrika na Nyota ya Burma, nazo zilitolewa bila jina kwa askari wa K.A.R. Kwa hizo, karatasi ndiyo jina: kitabu cha kuachishwa jeshi, barua, picha ya mzee akiwa amevaa sare. Inasimuliwa kwamba mwaka 1964, Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa askari wa zamani wa Lettow-Vorbeck huko Mwanza, wazee wengi walifika bila cheti. Afisa wa malipo akawapa ufagio badala ya bunduki na kuwaamrisha kwa Kijerumani. Waliozijua amri wakalipwa. Mnadani hakuna ufagio. Nishani isiyo na jina wala karatasi huuzwa kwa bei ya kila nishani ya aina yake.

Sasa milango. Huko London nyumba za mnada kama Noonans na Spink huuza nishani mara kadhaa kwa mwaka, na mtu anaweza kunadi kwa intaneti akiwa popote. Uzuri wake ni uwazi: bei inaonekana, na kumbukumbu za minada iliyopita zinasomeka, hivyo hata aliye Rumonge anaweza kujua nishani kama yake iliuzwa kiasi gani. Ubaya wake ni makato ya pande zote mbili. Tuseme nyundo imegongwa kwa pauni 100. Kamisheni ya mnunuzi ikiwa asilimia 24, pamoja na kodi ya asilimia 20 juu ya kamisheni hiyo, mnunuzi anatoa pauni 128.80. Muuzaji naye akikatwa asilimia 15 anapokea 85. Karibu pauni 44 zimebaki njiani, kabla ya posta, bima na ushuru wa forodha. Tena muuzaji husubiri miezi, na huenda nishani isifikie bei ya chini aliyoiweka ikarudi.

Mwenye duka hulipa papo hapo. Hakuna kungoja, hakuna kamisheni, lakini faida yake ameshaikata kichwani kabla hajataja bei. Kwa mnunuzi, duka lina heri moja ambayo mnada hauna kwa urahisi: duka linaloheshimika hurudisha pesa likiuza nishani ya bandia, na mteja huishika mkononi kabla ya kulipa. Hilo si dogo. Kuna nishani zilizosuguliwa ukingo na kuchongwa jina jipya, na misalaba ya chuma ya Kijerumani ya kuiga imejaa kila mahali. Msalaba wa kweli aghalabu una moyo wa chuma unaovutwa na sumaku. Wa kuiga mara nyingi umemiminwa kipande kimoja.

Kwa nishani ya kawaida, basi, duka linaweza kumfaa muuzaji, maana makato na gharama za kuisafirisha hadi mnadani zingemeza chote. Nishani ya ushujaa yenye jina na hadithi ni jambo jingine. Hiyo inahitaji watu wawili wanaoitaka katika chumba kimoja. Hata hivyo zile kubwa kabisa huweza kupita pembeni mwa nyundo: Victoria Cross ya daktari Noel Chavasse, pamoja na kipande (bar) cha kuipewa mara ya pili, iliuzwa mwaka 2009 kwa makubaliano ya faragha, kwa bei iliyoripotiwa kukaribia pauni milioni moja na nusu.

Anayenunua nishani kijijini ili aiuze mbali ana mambo mawili ya kumaliza kabla ya kuvuka. La kwanza ni familia: nishani ya marehemu ni mirathi, na mjukuu mmoja aliyeitoa sandukuni si wote. Maandishi yenye saini za warithi humkinga mnunuzi dhidi ya kesi, na hapo hapo huwa ndiyo karatasi inayopandisha bei. La pili ni mamlaka za mambo ya kale, kwani nchi za ukanda huu zina sheria za kulinda vitu vya kihistoria, Tanzania tangu 1964. Kuuliza mapema ni nafuu kuliko kunyang'anywa mzigo forodhani.

Na isisuguliwe. Nishani iliyong'arishwa kwa majivu na ndimu hupoteza herufi za ukingoni, na wanunuzi hushusha bei mara moja. Picha tatu za simu zinatosha kuanza kuulizia makadirio: uso, mgongo, na ukingo ukizungushwa polepole kwenye mwanga wa jua.