Simile Katika Bonde la Hell's Gate

Mtu aliyelelewa katika vichochoro vya Mombasa ya kale au vya Lamu hahitaji kufundishwa maana ya neno simile, kwani amelisikia tangu utotoni: hamali mwenye mkokoteni uliosheheni magunia, ambaye kwa uzito wa shehena yake hawezi kusimama ghafla wala kupinda upesi, hulipaza kabla hajaifikia pembe ya nyumba, na wapita njia, wake kwa waume, hujibanza ukutani mpaka apite. Neno hilo, ambalo asili yake ni bismillahi, lina adabu ndani yake. Anayelitoa amekiri kwamba chombo chake chaweza kudhuru, na anayelisikia hana sababu ya kuona ameonewa.

Nimelikumbuka neno hilo mara nyingi nikiwa mbali na pwani, katika Mbuga ya Taifa ya Hell's Gate, kusini mwa Ziwa Naivasha, ambako nimekuwa nikiwafundisha watu wazima kuendesha baiskeli za milimani. Mbuga hiyo ilitengwa mwaka 1984, na ingawa eneo lake ni dogo, takriban kilomita za mraba 68, ni miongoni mwa mbuga chache za Kenya ambamo mgeni huruhusiwa kupita kwa miguu au kwa baiskeli pasina kufungiwa ndani ya gari. Ukiingia kwa lango la Elsa, hujaenda mbali ila umekwisha kukutana na Mnara wa Fischer, nguzo ya jabali yenye kimo cha mita 25 hivi, iliyopewa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyefika huko mwaka 1883, na ambayo Wamaasai husimulia kuwa ni binti aliyekuwa akienda kwa mumewe, akaonywa asigeuke nyuma, naye akageuka, akawa jiwe. Toka hapo njia hupita baina ya kuta za mawe zenye rangi ya kutu, pundamilia na swala wakilisha kando, na tumbusi wakizunguka juu bila kupiga bawa. Sijui mahali pengine katika nchi yetu ambapo baiskeli humpa mtu furaha kama hiyo.

Lakini njia ni moja, nayo haikugawanywa. Familia zenye watoto, wanafunzi waliokuja kwa basi, wazee wanaotazama ndege, na waendesha baiskeli wenye haraka, wote hukanyaga vumbi lile lile. Na vumbi lenyewe lina tabia yake. Zama za kale Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa kuliko lilivyo leo, likafurika upande wa kusini, na maji yake yakalikata bonde hili katika mwamba laini na majivu ya volkano. Majivu hayo ndiyo tunayoyapanda leo: wakati wa kiangazi huwa kama unga uliomwagwa juu ya sakafu, na tairi halina pa kushika.

Tufanye hesabu ndogo. Baiskeli iendayo kilomita 25 kwa saa, mwendo ambao katika mteremko mtu hauhesabu kuwa kasi, hula takriban mita 7 kila sekunde. Jicho likaona, akili ikaamua, vidole vikabana breki, na sekunde moja imekwisha, yaani mita 7 zimepita na baiskeli haijapunguza chochote. Kisha juu ya vumbi lile zahitajika nyingine 7 hivi hadi kusimama. Punguza mwendo uwe kilomita 10 kwa saa, na hizo mita 14 zitashuka zikawa 4 tu, kwa sababu nguvu iliyomo katika mwendo huongezeka kwa mraba wa mwendo wenyewe. Hivyo mwendo unaofaa hupimwa kwa macho: lau njia iliyo wazi mbele yako haifiki mita 14, kilomita 25 kwa saa si haki yako, hata uwe hodari namna gani.

Mimi niliijua hesabu hii kwa mwili kabla sijaijua kwa namba. Asubuhi moja ya Agosti nilipanda baiskeli ya kukodi ambayo breki yake ya nyuma ilikuwa imelegea, nami sikuijaribu kwa kuwa nilitaka kulitangulia jua. Nilipinda kona yenye vichaka vya leleshwa nikamkuta mtoto wa shule, mwenye sweta ya buluu, amechuchumaa katikati ya njia akiokota kipande cha lile jiwe jeusi ling'aalo kama chupa iliyovunjika, ambalo volkano za Olkaria zimelitapakaza kotekote. Nilibana breki zote mbili. Ya nyuma haikushika, ya mbele ikashika kupita kiasi, gurudumu likateleza, nikaburuzika kwa kiwiko. Baiskeli ilikwenda ikalala shibiri moja kutoka kisigino chake. Mtoto hakulia. Alinitazama, akalirudisha lile jiwe chini polepole, akasema, "Pole," kana kwamba kosa lilikuwa lake. Neno hilo liliniuma kuliko kiwiko.

Tangu siku hiyo hakuna mwanafunzi wangu anayetoka langoni kabla hajazijaribu breki. Ibane ya mbele ukisukuma baiskeli, nalo gurudumu la nyuma liinuke. Ibane ya nyuma ukisukuma tena, gurudumu liburuzike bila kuzunguka. Tairi lisijazwe upepo hadi likawa gumu kama gogo, kwani gumu hurukaruka juu ya kokoto, ilhali lililo laini kidogo huzikumbatia. Ukiwa mteremkoni, punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake, ukizitumia breki zote mbili kwa vidole vyepesi. Vijana hupenda kufunga gurudumu la nyuma ili vumbi liruke. Wangalijua kwamba ule mfereji mwembamba wanaouchora ndio maji ya mvua huufuata, yakaupanua mwaka hata mwaka mpaka pakawa na korongo la kumvunja mzee mguu, nadhani wangaliacha.

Mgogoro baina ya gurudumu na unyayo haukuanzia kwetu. Mchezo huu ulipata sura yake katika Marin County, California, ambako tarehe 21 Oktoba 1976 vijana walianza kushindana kuteremka mlima kwa baiskeli nzito za zamani, katika njia waliyoiita Repack kwa kuwa grisi ya breki zao iliungua ikawa moshi, ikabidi kupakwa upya baada ya mteremko. Miaka ya 1980 malalamiko ya watembeao yakazidi, na njia nyingi nyembamba za huko zikafungwa kwa baiskeli. Kanuni iliyokubaliwa baadaye ni fupi: mwenye baiskeli humpisha mwenye miguu, nao wote wawili humpisha mwenye farasi. Mwenye uwezo wa kudhuru ndiye hubeba jukumu, kama hamali wetu.

Kumpisha mtu nako kuna namna yake. Piga kengele ukiwa bado mbali, mita 30 hivi, kisha uongeze sauti ya mdomo, kwa sababu kuta za bonde lile hurudisha mlio, na mtembezi asikiaye kengele pekee aghalabu hutazama upande usiko. Msalimu, mwambie utapita kuliani kwake, na mko wangapi, kwani aliyedhani mko wawili hurudi katikati ya njia wa tatu anapowasili. Ukimkuta mama na mtoto, mmoja huku na mmoja kule, shuka kabisa, maana mtoto akishtuka humkimbilia mamaye, tena hupita mbele ya gurudumu. Watembeao nao wana wajibu wao, ingawa ni mwepesi: waingie wote upande mmoja, wala wasizibe masikio kwa muziki. Ama nyati akisimama njiani, hakuna mjadala wa haki. Wote husimama na kurudi nyuma polepole.

Mwisho wa njia, penye kituo cha walinzi, baiskeli huegemezwa, na pale walinzi wanapoiruhusu njia ya chini, watu hushuka korongoni pamoja na mwongozaji. Maji ya moto huchuruzika ukutani, na mwamba umelainika kama uliopigwa randa. Uzuri huo una hatari: mwaka 2012, na tena 2019, mafuriko ya ghafla yaliwachukua watu mle ndani, kwa kuwa mvua ya vilimani hujaza korongo hata pasiponyesha hapo. Mwongozaji mwema hutazama mawingu ya mbali kabla hajatia mguu.

Na huko chini, mahali mwamba umebana hata watu wawili hawapishani bega kwa bega, nimewasikia wanafunzi wangu wa bara, hawa wakitoka na wale wakiingia, wakipaza sauti kabla ya kila kona: simile, simile.